Dayodi Sita za Mzee Mansukhlal

Kariakoo, Dar es Salaam
9 Januari 1983

Mzee Mansukhlal,

Shikamoo. Na Mama Anjana naye mfikishie shikamoo yake. Ni mimi Elieshi, yule Mchaga uliyekuwa unamfukuza dukani Mtaa wa Sikukuu kila alipounguza fyuzi, kisha unamwita arudi anywe chai. Mna miaka kumi na moja huko Uingereza na mimi sijaandika hata mstari mmoja. Ningekwambia ni shughuli, lakini ni uvivu tu, na wewe unanijua. Nisamehe.

Sasa shida imenikumbusha adabu. Ni fundi katika shirika moja la maghala, huku mtaa wa Gerezani. Tuna kompyuta kubwa kama kabati la nguo, ndiyo inayojua unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, uko ghala lipi na unakwenda wilaya ipi. Ikilala, malori yanalala, na watu wanapanga mawe ya kushikia nafasi kwenye foleni tangu alfajiri, kazi bure. Imelala tangu Krismasi. Kipoza hewa cha chumba kilikufa, feni ikafuata, chumba kikawa tanuri, na dayodi zote sita kwenye boksi lake la umeme zikaungua.

Boksi lenyewe si kama yale uliyonifundisha, yenye transfoma ya kuvunja mgongo. Hili linakatakata umeme mara elfu ishirini kwa sekunde, na transfoma yake inaenea kiganjani. Dayodi za redio ukizitia humo hazifiki dakika mbili. Nimejaribu.

Nimekwenda stoo kwa Onesphory. Unajua utaratibu wa mashirika: unarudisha kibovu, unapewa kipya, unatia sahihi. Onesphory kaniambia, "Kipya sina, na fedha za kigeni za kuagizia hazipo. Vibovu vyako nitaviandika wapi? Kaa navyo mwenyewe." Basi nimevifunga humu ndani ya bahasha, vyote sita, uone vilivyokufa. Namba zimebabuka, macho yangu hayazisomi.

Nimepata kitu kimoja. Sadalla wa Mtaa wa Congo anauza amplifaya mbovu za bendi ya dansi iliyovunjika, na ndani mna transista tisa kubwa, nzima kabisa. Je, Mzee, transista inaweza kufanya kazi ya dayodi? Kuuliza si ujinga. Severa mke wangu anasema nikikuandikia kwa sababu ya dayodi tu, bila kukuuliza hali, utanitukana. Haya, hujambo?

Nijibu kwa sanduku la posta la kazini, sina la kwangu.

Mwanao,
Elieshi


Leicester
2 Februari 1983

Elieshi, mvivu mkubwa,

Marahaba. Miaka kumi na moja! Nilishakuhesabu kama umekufa au umekuwa mkurugenzi.

Nimezipata maiti zako sita. Moja nimeipasua kwa msumeno juu ya kibao cha Mama Anjana cha kukatia vitunguu, na mpaka leo hasemi nami vizuri. Zimekufa kwa joto, hujakosea. Namba nimezisoma kwa lenzi. Eli, acha nikwambie ukweli: mimi huku nipo kiwanda cha soksi. Nakaa kwenye kiti natoa soksi zenye tundu, siku nzima. Tangu nije sijashika risasi ya kulehemu. Bahasha yako nilipoifungua nilikwenda kutafuta msumeno kabla sijamaliza kuisoma.

Sasa sikiliza. Dayodi ni mlango wenye springi. Umeme ukija mbele unafunguka, ukitaka kurudi unajifunga wenyewe, hauhitaji kuambiwa. Ila kila umeme unapopita unatozwa ushuru, karibu volti nzima, na ushuru huo ndio moto uliokupikia chumba. Transista ukiifungua sawasawa haitozi hata robo yake. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, inaweza, na itapoa kuliko dayodi. Huko kwenye joto lenu ndiyo dawa hasa.

Lakini haina akili ya kwake. Lazima iambiwe fungua, iambiwe funga, mara zote hizo elfu ishirini. Ikichelewa kufunga, umeme unarudi kinyumenyume na utaona kofia yake ya chuma ikiruka darini. Nani wa kuiambia? Transfoma yenyewe. Zungusha waya wako mizunguko mitatu juu yake, upeleke kwenye mguu wa amri wa kila transista. Na kwa kuwa hizo za amplifaya zimezoea muziki na ni nzito kufunga, weka kapasita ndogo ubavuni mwa rizista ya mguu huo, ile ya kupunguza umeme. Hiyo itazivuta zifunge upesi. Mchoro uko nyuma ya karatasi.

Na sheria ya duka langu usiisahau: ulichotoa, ulichoweka, tarehe na sahihi, kwenye karatasi ndani ya boksi. Fundi anayeficha kazi yake simwiti fundi.

Sijambo. Magoti tu.

Mansukhlal Tulsidas


Kariakoo
6 Machi 1983

Mzee wangu,

Shikamoo. Inawaka! Leo siku ya kumi na moja, haijazima hata mara moja.

Transista ya kwanza ilipasuka kama ulivyotabiri. Kofia iligonga dari, moshi ukajaa, na Mkurugenzi aliyekuja kunitazama alijikuta nyuma ya mlango pamoja na mfagiaji. Nilikuwa nimeacha ile kapasita, nikidhani ni madoido yako ya kizee. Nilipoiweka, nane zilizobaki, mbili zikiwa za kusaidia, zikatulia. Naweka kiganja juu yake mchana wa saa nane, jasho linanitoka mimi, zenyewe ni vuguvugu tu. Mzee, sijawahi kufurahi hivi juu ya kitu kisichotoa sauti.

Malori yanatoka. Mkurugenzi amenipa mkono mbele ya watu wote na kusema vijana kama mimi ndio maana ya kujitegemea. Severa akauliza kama mkono wa Mkurugenzi unaungwa kwa nazi au kwa karanga. Ana ulimi yule, lakini siku hiyo alikata kitambaa chake cha akiba akanishonea shati.

Karatasi niliiweka. "Nimetoa dayodi sita. Nimeweka transista nane. 23 Februari 1983. Elieshi." Nikaibandika ndani ya kifuniko, mahali pa kuonekana.

Mwanao,
Elieshi


Leicester
26 Machi 1983

Mwanangu Eli,

Barua yako nimemsomea Mama Anjana mara mbili, na jirani mmoja asiyejua Kiswahili mara moja. Kapasita ni madoido ya kizee, eh? Ungekuwa karibu ningekuzaba kibao.

Lakini nimekaa nikaona haya. Fundi wangu anafanya kazi kama hiyo kwa vitu vya kuokota kwenye amplifaya! Kiraka chako ni kizuri, nakusifu kutoka moyoni, ila ni kiraka. Juzi binti yetu Anjana alinichukua kwa gari lake mpaka London, tumezunguka maduka matano, na nimezipata. Dayodi sita, mpya, kampuni ile ile, namba ile ile. Nililinganisha herufi kwa herufi na zile maiti kabla sijazitupa.

Jana nimezituma kwa rejista, kwa jina lako, sanduku la kazini, zisije zikapotea. Zitachukua wiki saba au nane. Watakapokurekebishia kipoza hewa zitie, na boksi lako litakuwa kama lilivyotoka kiwandani. Hakuna atakayejua kama ziliwahi kuungua.

Usinishukuru. Nilikuwa na siku nzuri kuliko zote tangu nije nchi hii.

Mansukhlal


Kariakoo
17 Aprili 1983

Mzee,

Shikamoo. Nimeandika upesi, unisamehe mwandiko. Barua yako ya mwisho kunifikia ni ile ya Februari.

Tangu mwisho wa mwezi wa tatu nchi imegeuka. Ni msako wa walanguzi na wahujumu uchumi kila mtaa. Watu wa Kariakoo wanatupa sabuni na vitenge mtaroni usiku wasikutwe navyo. Kwetu kazini wamekuja wakaguzi, na mmoja alikuwa na orodha iliyokuja na mashine, kila kifaa na idadi yake. Wakafungua boksi. Orodha inasema dayodi sita. Ndani hamna hata moja. Kuna karatasi yenye sahihi yangu inayosema nimezitoa.

"Ziko wapi?"

Nikasema ziliungua. "Hizo zilizoungua ziko wapi?" Nikasema ziko Leicester, Uingereza, kwa mwalimu wangu. Mzee, walicheka. Mmoja akauliza jina la mwalimu, nikamtajia, akaliandika polepole, akasema, "Mali ya umma inavuka bahari kwenye bahasha, na badala yake tunawekewa vyuma vya dansi visivyo na risiti." Wakamwita Onesphory. Onesphory akaapa kwa Mungu kwamba sijawahi kukanyaga stoo na kibovu chochote. Anaogopa kufukuzwa. Ana watoto saba, lakini mimi je? Mkurugenzi anapita kando yangu kama anapita ukuta.

Niliwaambia waitazame mashine, inafanya kazi! Wakazing'oa transista zote nane kuwa ushahidi, wakaziweka kwenye mfuko wa kaki. Mashine ikazima. Mkaguzi akaandika: mashine haifanyi kazi.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, zirudishe zile maiti sita, hata ile uliyoipasua, hasa hiyo, waone moto ulivyoila ndani. Hiyo ndiyo roho yangu sasa, sina shahidi mwingine. La pili, usinitumie kitu kingine chochote. Hata kalamu. Nakujua moyo wako.

Kikao ni tarehe 23 Mei, na nikishindwa hapo napelekwa kortini moja kwa moja. Naripoti polisi kila asubuhi.

Elieshi


Leicester
6 Mei 1983

Mwanangu,

Barua yako imefika leo. Nimesoma nimesimama, na nimeendelea kusimama mpaka Mama Anjana akanikalisha.

Maiti zile nilizitupa mwezi wa tatu. Kwa mkono wangu, kwenye pipa la jikoni. Nimekwenda leo jaa la manispaa, nikawaambia natafuta vitu sita vidogo kama njugu, vyeusi. Kijana mmoja akanionyesha kwa mkono mlima wa taka, akaniuliza nianzie upande gani. Akaniita babu. Hakuwa na ubaya.

Na mzigo upo njiani. Eli, dayodi mpya sita, nilizituma kabla ya barua yako. Nimekwenda posta kuuliza kama unaweza kurudishwa. Mama wa dirishani alinipa fomu, akasema fomu yenyewe inachukua wiki sita. Maji yakimwagika hayazoleki. Ukiitwa posta, usiende. Usitie sahihi. Sema humjui aliyetuma, nitukane hata mimi, sema ni Mhindi kichaa.

Nimeandika maelezo kwa wakubwa wako, kurasa nne kwa Kiswahili, jinsi transista inavyofanya kazi ya dayodi na kwa nini inapoa zaidi. Nimeweka humu. Wasomee. Nimeandika pia kwamba karatasi ile ya kubandika niliiamuru mimi, ni desturi ya dukani kwangu, mwizi haachi sahihi.

Niandikie. Hata neno moja, umefikiwa na mzigo au la. Sili vizuri.

Mansukhlal


Kariakoo
5 Juni 1983

Wifi Evarista,

Hamjambo huko Machame? Mama anaendeleaje na kifua? Barua hii umsomee taratibu, na sehemu nyingine uziruke.

Elieshi amefungwa. Miaka mitatu. Nimeandika hivyo mwanzoni nisije nikashindwa baadaye.

Unamkumbuka Mzee Mansukhlal, yule Mhindi aliyemfundisha kazi kabla ya kuhamia Uingereza? Elieshi alimpelekea zile dayodi zilizoungua, akitaka ushauri. Kisha wakaguzi wakazidai. Tukakaa tunasubiri mzee azirudishe, maana ndizo pekee za kuonyesha kwamba ziliungua kweli. Kila siku naulizia barua.

Tarehe 20 Mei ukaja mzigo. Haukuja kwetu, ulikuja sanduku la shirika, kwa rejista, na jina la Elieshi limeandikwa kwa herufi kubwa. Hatukuwa na habari, hakuna barua ya kutuarifu iliyotufikia. Wakauweka mpaka siku ya kikao, wakaufungua mezani mbele yake. Wifi, nilikuwa nje dirishani na niliona uso wake. Alidhani ni wokovu. Alisimama kabisa.

Zilikuwa dayodi sita mpya zinazong'aa. Namba ile ile ya kwenye orodha. Mwenyekiti akasema, "Ulituambia ziliungua. Mbona hizi hapa nzima? Umeona moto umewaka, umemwambia mwenzio azirudishe." Elieshi akaeleza kwamba hizo ni nyingine, kwamba mzee kanunua kwa huruma yake. Wakamuuliza ni nani anayenunua kitu kwa pesa yake Ulaya akakitoa bure kwa shirika la Tanzania. Mimi mwenyewe kama nisingemjua yule mzee nisingeamini.

Halafu wakaleta fundi mwingine, akazitia zile sita kwenye boksi, akawasha. Mashine ikawaka papo hapo. Watu wakapiga makofi, Wifi. Makofi! Mwenyekiti akasema mashine yenyewe imetoa ushahidi, imetambua vyake. Elieshi akapiga kelele kwamba chumba kile hakina hewa, zitaungua tena kabla ya mwezi kwisha. Wakamwambia sasa anatishia kuhujumu. Kortini walichukua nusu saa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Onesphory alikuja hapa kwangu na kilo mbili za sukari, akalia. Nilimfukuza, sukari nikabaki nayo. Sioni aibu.

Barua ya mzee imekuja siku nne baada ya kikao, ikisema mzigo ukija tuukatae. Na kurasa nne za maelezo, safi, hata mimi mshona nguo nimeelewa. Nilimpelekea Elieshi gerezani. Alisoma mpaka mwisho, ndipo akaniambia, "Mzee asijue." Nikamwambia ajue, kwa nini asijue, yeye ndiye aliyetutia kitanzi! Tukagombana kupitia wavu, askari anatutazama. Anasema, "Yule ana miaka sabini na mbili na hana kitu huko ila hizi barua. Ukimwambia utakuwa umeua." Mimi nina hasira, Wifi. Namchukia mzee wa watu ambaye hakufanya kosa lolote, na sina nguvu ya kuacha.

Barua ataandika mwenyewe, mimi nitaitoa gerezani na kuipeleka posta. Nimekubali. Ningefanya nini?

Wifi yako,
Severa


Dar es Salaam
17 Julai 1983

Mzee wangu Mansukhlal,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama Anjana. Nisamehe kukaa kimya, safari hii si uvivu. Nimehamishiwa mkoani, kwenye shamba. Tunalima mahindi na maharage. Ni kazi ya mikono, nimekonda kidogo, lakini hewa ni safi. Kwa hiyo usiandike tena kwa sanduku la kazini. Barua zako zipitie kwa Severa, anwani iko nyuma. Zitachelewa, usiogope.

Shauri lile limekwisha. Walikaa, wakasikiliza, wakaamua. Maelezo yako ya kurasa nne nimeyasoma mara nyingi mpaka nayajua kwa moyo. Hapa shambani kuna kijana mmoja alikuwa fundi saa, nimemchorea mchangani transista yako na mizunguko yake mitatu, na ameelewa siku ya pili tu. Anauliza maswali magumu. Ungempenda.

Sasa kula chakula, Mzee. Usiende tena jaani na magoti hayo.

Uliniuliza kama mzigo ulifika. Ulifika salama. Zote sita zilikuwa nzima, na hukukosea namba. Zilitiwa kwenye boksi siku ile ile ulipofunguliwa, na mashine iliwaka mara ya kwanza tu. Kila mtu aliyekuwepo aliona.

Mwanao,
Elieshi